Siku Niliyobebwa na Yangji

Zipo aibu za wiki moja na zipo aibu za maisha. Yangu ni ya maisha, na najua watu wa bonde letu watawasimulia hata wajukuu. Mimi, Gyalzen, Msherpa, kiongozi wa watalii mwenye cheti na beji kifuani, nilishushwa mlimani mchana kweupe ndani ya tenga la viazi. Aliyenibeba ni Yangji, msichana niliyempenda kuliko pumzi zangu. Na siku hiyo hiyo mjomba wangu alikuwa njiani kwenda kwao kuniposea.

Asubuhi ile Yangji alinikuta nyuma ya nyumba ya wageni ya Machhermo, nimeinama, natapika. Alikuwa mpagazi wa kikundi changu. Hakusema pole. Alisimama tu, mikono kiunoni, aproni yake ya mistari ikipepea.

"Tangu lini?"

"Dengu za jana tu hizi."

"Dengu hizo hizo nimekula mimi. Nakuuliza, kichwa kinakuuma tangu lini?"

"Hakiumi."

"Gyalzen."

"Juzi," nikasema. "Kidogo."

"Kidogo! Ndiyo maana usiku kucha unatafuna vidonge kama karanga? Ukuta wa mbao tu unatutenganisha, bwana, nilikuwa nakusikia."

Niseme ukweli, maana siku ile ndiyo niliyojifunza kuusema. Kiongozi wa kwanza wa kikundi kile alikuwa ameitwa nyumbani ghafla, nikapigiwa simu Kathmandu nije kuchukua nafasi yake. Wageni walikuwa wamekwisha kufika Machhermo kwa mwendo wa pole, wamelala huku na kule mpaka miili ikazoea. Mimi nilitoka bondeni kwenye moshi wa magari, nikapanda kwa siku tatu njia ambayo watu huipanda kwa wiki nzima. Nilijiambia, Msherpa haugui mlima, mlima ni kwao. Nilisahau kwamba nilichukuliwa kijijini kwetu Khumjung nikiwa na miaka sita kupelekwa shule ya bweni, na tangu hapo damu yangu imekuwa ya Kathmandu.

Tena mimi ndiye husimama mbele ya wageni kila jioni na kuwaambia: pandeni polepole, kunyweni maji, na kichwa kikiuma semeni, hapa hakuna aibu.

Yangji alichora mstari mavumbini kwa ncha ya fimbo yake. "Haya, mwalimu. Pita hapo, kisigino kiguse kidole."

Kipimo chenyewe nilikijua, nimewapima wageni wengi. Aliyezidiwa na mwinuko hawezi kutembea kwenye mstari. Wakati huo wageni wangu walikuwa wametoka kunywa chai, wamesimama na vikombe wakitutazama. Nikainua kifua. Hatua ya kwanza, nzuri. Ya pili, dunia ikainama. Ya tatu nikaukumbatia ukuta wa mawe wa zizi la yaki, ng'ombe wetu wa manyoya marefu, na mmoja akaninusa uso.

Kulikuwa na mama mmoja wa Kipolandi, ana miaka sitini na minane, anapanda kama mbuzi. Jana yake nilimwambia, "Mama, ukichoka utanishika mkono." Sasa alikuja, akavua kofia yake ya sufu, akanivalisha mpaka masikioni na kunipigapiga shavu. Laiti ardhi ingepasuka.

"Anashuka sasa hivi," Yangji akamwambia msaidizi wangu. "Wewe endelea na wageni."

"Helikopta..." msaidizi akaanza.

"Unaona hilo wingu? Labda ije kesho. Farasi yuko Gokyo. Kesho huyu atakuwa maiti."

"Natembea mwenyewe," nikasema.

"Umeshindwa hatua tatu, utaweza maelfu?" Alikuwa amekwisha kumwaga viazi vya mpishi, anakata upande mmoja wa tenga kwa kisu ili miguu yangu itokee. "Una kilo ngapi?"

"Yangji, nakuomba. Afadhali mwanamume yeyote anibebe."

"Wanaume wote wamekwenda na mizigo. Kilo ngapi?"

"Hamsini na nane."

"Nzuri. Uongo umekukondesha."

Aliyewahi kubebwa tengani anajua kwamba mtu hukaa akitazama nyuma. Mgongo wangu uliegemea mgongo wake, na tenga likiwa katikati. Mkanda ulipita kwenye paji la uso wake, na mimi miguu ikaning'inia kama ya mtoto kwenye kiti kirefu. Akaguna mara moja, akasimama. Tukaondoka, yeye akiona tuendako, mimi nikiona tulikotoka: wageni wangu wakipunga mikono, paa la bluu la nyumba, na mlima Cho Oyu, mweupe kichwani mwa bonde, ukizidi kuwa mbali.

Watu wa mapenzi huandika juu ya macho yanapokutana. Sisi siku ile macho yetu hayangeweza kukutana hata kwa bahati. Nilisikia pumzi zake tu, na kila mfupa wake unavyofanya kazi kwa ajili yangu. Niliona haya mpaka machozi yakanitoka, nikayafuta haraka kwa kofia ya mama wa Kipolandi.

"Unalia?" akauliza.

"Upepo."

"Hakuna upepo."

Kila baada ya mwendo mfupi alisimama, akaweka fimbo yake ya kupumzishia mzigo chini ya tenga, akapiga mluzi wa wapagazi kupitia menoni. Mara ya pili kupumzika, wapagazi wawili waliokuwa wanapanda wakapishana nasi.

"Dada Yangji! Umebeba nini leo?"

"Kiongozi wa watalii."

"Wanauzwaje?"

"Huyu kaoza kidogo, nampeleka akabadilishwe."

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Nami nilikuwa nawatazama uso kwa uso, maana walipotupita, uso wangu ndio uliobaki kwao. Mmoja akanipungia mkono. Sikuwa na la kufanya, nikampungia.

"Kwa nini unawaambia?" nikanong'ona.

"Ulitaka niseme nimebeba mchele? Watu wana macho." Akabeba tena. "Tatizo lako wewe ni hilo. Unaficha. Hukusikia wazee wanavyosema, mficha maradhi kifo humuumbua? Ungekufa usiku ule, Gyalzen. Ukuta wa mbao tu baina yetu, ungekufa mimi nasikia nadhani unatafuna karanga. Hilo hulifikirii?"

Sauti yake ilikatika mwishoni. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba hasira yake yote ilikuwa hofu. Ikanichoma zaidi ya kichwa.

"Nilitaka niwe mzima leo," nikasema. "Mjomba Kushang anafika kwenu Dole leo na chang."

"Najua anafika leo. Nasikia baba amenyoa ndevu tangu jana."

Kwetu posa ni chang, pombe yetu nyeupe ya mchele, katika mtungi wa shaba uliopakwa siagi mdomoni. Baba wa binti akichovya kidole cha pete, akawarushia miungu matone matatu na kunywa, amekubali. Akimrudishia mposaji mtungi wake, ndiyo basi, mlango umefungwa. Na mtungi ukibaki pale nyumbani haujanywewa wala kurudishwa, maana yake bado wanafikiri. Mzee Urken, baba yake Yangji, alikuwa amekataa hata kumwona mjomba mwaka mzima. "Binti yangu simpi kijana wa bondeni anayepanda milima kwa mdomo," alisema. Kilichombadilisha ni jambo moja tu, na jambo hilo lilikuwa ndani ya tenga pamoja nami, zito kuliko mimi.

Tulifika Luza, kijiji cha njiani, akanipumzisha juu ya ukuta mfupi. Hewa ilikuwa imeanza kuwa nzito kidogo, kichwa kikafunguka kidogo. Labda kule kufunguka ndiko kulikonipa ujasiri. Au labda ni kwa sababu sikuwa naona uso wake.

"Yangji, nina neno."

"Kama ni maji, chupa iko mguuni pako."

"Mimi sijawahi kufika kambi ya pili."

Kuku-mwitu wa rangi tisa akaruka kutoka kwenye vichaka vya mireteni na kuteremka bondeni akipiga kelele.

"Rudia," akasema.

"Masika ile niliyomwambia baba yako kwamba nilibeba kamba za wapanda kilele mpaka kambi ya pili. Nilikuwa jikoni, kambi ya chini kabisa. Wiki sita namenya viazi. Ile picha niliyomwonyesha, koti ni la mtu, vyuma vya kukanyagia barafu ni vya mtu. Nilisimama juu ya bonge la barafu nyuma ya hema la jikoni."

Nilitegemea atanitukana. Hakunitukana. Nilisikia mkanda ukivuliwa kwenye paji lake, nikasikia nyayo zake zikienda mbali. Nikabaki juu ya ukuta peke yangu, siwezi kugeuka, siwezi kushuka, natazama milima tu. Nilidhani amekwenda zake. Nilimpa haki.

Akarudi. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akaja mbele yangu. Mkanda ulikuwa umemchora mstari mwekundu kwenye paji la uso. Sikuweza kumtazama, nikautazama mstari ule.

"Unajua baba ameachwa na vidole vingapi mguu wa kushoto?"

"Viwili."

"Vingine viko wapi?"

"Juu," nikasema. "Kambi ya tatu."

"Miaka ishirini kabeba mizigo ya watu huko juu. Na jioni ile ulipomwambia kambi ya pili, alifanya nini? Sema."

Nilikumbuka vizuri mno. Mzee Urken aliinuka kwenye kiti cha karibu na moto, kiti cha heshima ambacho hata mdogo wake hakalii. Akapangusa mto kwa kiganja, akaniambia, "Kaa hapa, mwanangu. Anayejua baridi ya kule anakaa hapa." Nami nikakaa. Nikaota moto. Nikanywa chai vikombe vitatu.

"Alinipa kiti chake," nikasema.

"Alikupa kiti chake." Macho yake yalijaa machozi, ila hayakudondoka. "Mimi ningekupenda na viazi vyako, mpumbavu wewe. Nilikupenda kabla ya kambi yoyote. Nani alikwambia nataka mtu wa kambi?"

"Baba yako..."

"Usimtie baba. Sasa nisikilize. Mjomba wako atakuwa amekaa pale na mtungi. Utamwambia baba kwa mdomo wako, kabla hajachovya kidole. Usiposema, mimi naimwaga ile chang mlangoni, mbele ya mjomba wako, na aibu iwe ya ukoo mzima. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Akazunguka, akajifunga mkanda, akaguna, akanibeba. Alikuwa na haki ya kuniacha pale Luza, watu wangenikuta. Akanibeba. Mpaka Dole nilikuwa nahesabu nyayo zake moja moja, kila moja nikitamani ingekuwa yangu.

Dole niliisikia kabla ya kuiona. Mbwa, kengele za yaki, kisha sauti ya mjomba Kushang, ile sauti yake ya sherehe, "...kijana mwenye miguu kama paa, mzee mwenzangu, mlima kwake ni uwanja wa..." Halafu ikakatika. Yangji akapiga kona, akanitua juu ya benchi la mawe mbele ya mlango wa baba yake, akaligeuza tenga.

Mjomba alikuwa amevaa joho lake refu la sufu na kofia ya manyoya, skafu nyeupe ya heshima mabegani. Mtungi wa shaba ulikuwa mezani kati yao, siagi imeng'aa juani. Alikuwa ameachama kinywa.

"Huyu ni nani?" akauliza, ingawa alinilea yeye.

"Ndiye huyo mwenye miguu kama paa," akasema mzee Urken. Akanitazama mimi, kofia ya mama wa Kipolandi, miguu inayoning'inia. Kisha akamtazama binti yake, mstari ule kwenye paji. "Kutoka wapi?"

"Machhermo, baba. Ameshikwa na mwinuko."

"Msherpa!" mjomba akalia, akajifunika uso kwa skafu. "Mungu wangu, Msherpa! Mzee, naomba nichukue mtungi wangu. Siku imeharibika. Tutakuja siku nyingine, tutatafuta siku nzuri kwa lama hekaluni."

"Kaa, Kushang. Kuugua si kosa. Nimemwona mtu aliyepanda kilele mara tisa akatapika Namche, chini kule." Mzee akavuta mtungi karibu. Kidole chake cha pete kikanyooka. "Mtu aliyefika kambi ya pili hapimwi kwa siku moja mbaya."

Yangji alikuwa amesimama nyuma yake. Alinitazama tu.

"Baba, usichovye," nikasema.

Kidole kikasimama hewani.

Nikasema yote. Viazi, jikoni, koti la mtu, bonge la barafu. Nilisema na ile picha iliyokuwa ukutani kwake mle ndani, maana aliniomba nakala akaitundika karibu na ya marehemu mkewe. Nilipofika kwenye kiti cha karibu na moto nilimalizia kwa kunong'ona. Mjomba alikuwa ameacha hata kulia. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Mzee Urken alikirudisha kidole chake polepole, akakifumba ndani ya ngumi.

"Chang hii," akasema, "imeletwa na mtu aliyefika kambi ya pili. Mtu huyo hayupo. Siwezi kunywa chang ya mtu ambaye hayupo. Kushang, chukua mtungi wako."

Hakupaza sauti. Angenipiga ningeshukuru.

Kisha akanijia, akanifungua kope kwa kidole gumba, akaniuliza maji nimekunywa kiasi gani, mkojo una rangi gani. "Hapa bado juu. Ashuke mpaka darajani leo, mtoni, la sivyo usiku atazidiwa."

"Nitampeleka," akasema Yangji, akanyoosha mkono kuchukua mkanda.

"Wewe umechoka. Mjomba wake ana magoti ya kioo." Mzee akamnyang'anya mkanda. "Geuza tenga."

"Baba, mguu wako!"

"Geuza tenga, nimesema."

Nilimwomba asifanye hivyo. Nilimwomba kwa jina la mama yangu. Alinibeba kama hakunisikia. Nikahisi hatua zake mgongoni mwangu, moja nzima, moja fupi, moja nzima, moja fupi. Kila ile fupi niliijua sababu yake. Kama kuna aibu iliyozidi hapo, sijaijua.

Nilikuwa natazama nyuma, kama mzigo wowote. Nikaona nyumba, paa la kijani, mjomba Kushang akijikusanya, akitafuta fimbo yake.

"Binti," mjomba akasema, "nipe mtungi wangu basi, niwafuate."

"Mtungi upi, mjomba?"

"Wa shaba! Ulikuwa hapa mezani."

"Mimi sijauona. Labda umeuacha kule juu ulikopumzika."

Mjomba akazunguka meza, akachungulia chini ya benchi. Na Yangji akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, mikono yote miwili nyuma, aproni yake imetuna. Hapo akainua macho, akanitazama. Macho yetu yakakutana kwa mara ya kwanza siku ile bila hasira kati yetu. Alikuwa amechafuka, amechoka, paji limechubuka, na hakutabasamu. Akaingia ndani. Alipotoka, mikono yake ilikuwa mitupu, mtungi umebaki nyumbani.

Tuliteremka kona ya kwanza. Mreteni ukaanza kuificha nyumba.

"Kijana," akasema mzee Urken, akihema. "Wewe unaona nyuma. Kushang amechukua mtungi wake?"

Nikisema ndiyo, Yangji anapona. Nikisema hapana, mzee ataniweka chini, atapanda tena kwa mguu ule, mtungi utarudishwa, na mlango utafungwa mbele ya macho yangu. Neno moja dogo, na nilikuwa mzoefu wa maneno madogo.

"Hapana, baba," nikasema. "Yangji ameuficha ndani. Alimdanganya mjomba kwamba hajauona."

Mzee akasimama. Nikasikia fimbo ikigongwa chini ya tenga, uzito wangu ukatulia juu yake. Akahema, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Mto ulikuwa unasikika chini. Mluzi mwembamba ukamtoka menoni, ule ule wa binti yake.

"Haya," akasema. "Wewe umeona. Mimi sikuona. Anayebeba haoni nyuma."

Akaiondoa fimbo, akaendelea kushuka, polepole, kama ninavyowaambia wageni.